Mshahara Uliopepetwa

Saa kumi na mbili kasoro asubuhi, nyumba ya Brashi ilikuwa tayari mbiombio. Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili na kibaraza, lakini kelele zake zilitosha ghorofa nzima. Brashi alitafuta kiatu. Mkewe alitafuta kitambulisho cha kazi. Mtoto wao Punje alikaa katikati ya sakafu, uji umejaa mdomoni, hamezi wala hatemi.

Brashi alikuwa fundi rangi, na jina hilo alipewa na wenzake kazini. Mkewe alifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali. Huu ulikuwa mwaka wake wa nane wa kufua na kupiga pasi mashuka. Punje alikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi minne. Walimwita hivyo kwa sababu alizaliwa mdogo. Zamani jina hilo liliwachekesha. Siku hizi liliwatia wasiwasi.

Kila siku Punje alipelekwa kwa mlezi, mama mmoja wa mtaa wa nyuma. Mlezi alikuwa mwema, tena msafi. Lakini alikuwa na watoto kumi na mmoja, na mikono yake ilikuwa miwili kama ya watu wengine. Punje alikula polepole. Wenzake walipomaliza, sahani ziliondolewa na yake pia.

Mwezi huo wazazi wote wawili walimpeleka kliniki. Muuguzi alimpima Punje, akatazama kadi, akampima tena. Kilo saba na gramu mia tisa. Miezi mitatu nyuma ilikuwa vilevile. Daktari alikuwa ameshampima, hakuona ugonjwa. Muuguzi akawaeleza kwamba mtoto huyu anahitaji kulishwa kidogo kidogo, mara tano kwa siku, na mtu asiye na haraka.

"Mleteni tena baada ya miezi miwili," akasema. "Asipoongezeka, itabidi alazwe."

Walipokaribia nyumbani, Brashi akakohoa.

"Mama Punje, acha kazi," akasema. "Kaa na mtoto. Mimi nitapaka rangi mpaka kuta ziniombe msamaha."

"Sawa," mkewe akajibu.

Brashi alifurahi. Alidhani jambo limekwisha. Ipo "sawa" ya kukubali na ipo "sawa" ya kuchoka, na Brashi hakuwahi kujifunza kuzitofautisha.

Jumapili walikwenda kwa jirani yao, Mama Stoo, awaandikie barua ya kuacha kazi. Mwandiko wa mama huyu ulisifiwa mtaa mzima. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mtunza stoo wa shule ya bweni. Alilisha wanafunzi mia nne, na chakula hakikuwahi kuisha kabla ya muhula kwisha.

Mama Stoo alisikiliza habari yote ya Punje. Akachukua karatasi na kalamu. Kisha akauliza kama wamepiga hesabu.

"Hesabu gani, mama?" Brashi akasema. "Mimi kwa siku napata elfu kumi na tano. Mwezi una siku ishirini na sita za kazi. Hapo ni karibu laki nne. Mwenzangu anapata laki mbili na elfu themanini. Tuandike tu."

Mama Stoo akaiweka kalamu chini.

"Mwanangu, mimi nikiletewa gunia la mchele, siandiki gunia. Napepeta kwanza. Natoa pumba, natoa mawe, halafu napima tena. Kinachobaki ndicho watoto watakachokula. Mshahara nao hupepetwa. Haya, tupepete wako."

Akamtaka ataje kazi zote alizofanya miezi mitatu iliyopita. Brashi akaanza kwa sauti kubwa. Duka la dawa, siku tisa. Nyumba ya mwalimu, siku kumi na mbili. Kadiri alivyohesabu, sauti ilipungua. Ilionekana kwamba kwa wastani alipata kazi siku kumi na nne kwa mwezi. Siku nyingine alisimama kwenye mageti ya majengo, akangoja kuitwa, akarudi nyumbani. Nauli alilipa siku zote, apate kazi asipate.

Siku kumi na nne zilileta laki mbili na elfu kumi. Mama Stoo akatoa nauli. Akatoa chakula cha mchana ambacho Brashi alinunua kazini. Akatoa brashi na rola alizonunua mwenyewe. Akauliza na soda za kuwanunulia wenzake, kwa sababu alimfahamu Brashi. Vyote hivyo vilikula elfu tisini na sita. Kilichofika nyumbani kilikuwa elfu mia moja na kumi na nne.

Brashi aliitazama ile karatasi kama imemtukana.

Wakapepeta na mshahara wa mkewe. Huo ulikuja kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe. Chakula cha mchana alipewa kazini. Ukitoa nauli na michango ya wafanyakazi, zilibaki laki mbili na elfu arobaini na nne. Tena kazi hiyo ilikuwa na bima ya afya ya watu watatu. Daktari aliyempima Punje alilipwa na bima hiyo.

Mama Stoo akaandika mistari miwili, akaisoma polepole.

"Mama akibaki nyumbani, mtaishi kwa elfu mia moja na kumi na nne, na bima hakuna. Baba akibaki nyumbani, mtaishi kwa laki mbili na elfu arobaini na nne, na bima ipo. Kwa vyovyote, elfu arobaini na tano za mlezi hamtalipa tena."

Brashi akaivuta karatasi, akaisoma mwenyewe.

"Yaani mimi ndiye nikae nyumbani?"

"Karatasi ndiyo imesema. Mimi nimesoma tu."

"Watu watasema nimeolewa, mama."

"Watasema," Mama Stoo akakubali. "Halafu watakwenda kwao kula. Punje atalishwa na nani?"

Brashi akamgeukia mkewe, labda atamtetea. Mkewe alikuwa analia bila sauti.

"Baba Punje, sikutaka kuacha kazi," akasema. "Nilisema sawa kwa sababu nilidhani hakuna njia nyingine. Lakini kama utakaa, usikae kwa shingo upande. Mtoto atajua."

Brashi aliona aibu, tena aibu ya kweli. Miaka yote aliingia nyumbani kifua mbele, akijua yeye ndiye nguzo. Kumbe nguzo ilikuwa upande wa pili, inapiga pasi mashuka wala haisemi kitu. Lakini chini ya aibu ile alihisi nafuu ambayo hakuitarajia. Alikuwa amechoka kusimama getini. Alikuwa amechoka kuondoka asubuhi na kurudi mikono mitupu, na hakuwa amemwambia mtu yeyote.

"Nitajaribu mwezi mmoja," akasema.

Neno kujaribu lilimpendeza Mama Stoo. Aliwaambia ni vizuri familia ijaribu kwanza kuishi kwa mshahara mmoja kabla ya kuamua moja kwa moja. Wakishindwa, watajua wameshindwa wapi. Brashi alikuwa anadai elfu sitini za jengo la mwisho. Mama Stoo akashauri wasizihesabu katika matumizi. Hizo ziwekwe kando kwa dharura.

Kisha wakaanza kazi ngumu. Mwezi uliopita, baada ya kumlipa mlezi, nyumba ilitumia laki tatu na elfu kumi na tatu. Sasa itakuwa na laki mbili na elfu arobaini na nne. Kwa hiyo elfu sitini na tisa lazima zipatikane kwa kupunguza. Kodi ya nyumba, chakula cha nyumbani, maji na mahitaji ya Punje viliandikwa kwanza, na havikuguswa. Vilivyobaki viliitwa kimoja kimoja, kama washtakiwa.

Mkewe alikuwa akinunua chakula kilichopikwa mara tatu au nne kwa wiki, kwa sababu alirudi amechoka. Hicho kikafutwa, maana sasa mpishi atakuwepo. Sukari, mafuta na sabuni walikuwa wakinunua vipakiti vidogo kila siku. Kipakiti ni rahisi machoni, lakini vipakiti thelathini ni ghali. Navyo vikafutwa, wanunue pakiti kubwa moja ya mwezi. Vocha za simu zikapunguzwa nusu. Ikabaki malipo ya king'amuzi, na katika king'amuzi ndimo ulimokuwa mpira.

Brashi alianza kuhesabu kwa vidole mechi zilizobaki. Hata Mama Stoo alimwachia nafasi.

"Kupanga ni kuchagua," hatimaye mama akasema.

"Futa," Brashi akasema. "Mpira nitausikiliza kwenye redio."

Barua ya kuacha kazi haikuandikwa. Walirudi nyumbani wepesi, na mkewe alicheka njiani kwa mara ya kwanza tangu kliniki.

Wiki ya kwanza Brashi alijikaza kisabuni. Alimlisha Punje kama anavyopaka ukuta wa mwenye nyumba mwenye haraka. Punje alitema kila kitu, na shati la baba likapata rangi mpya. Siku ya nne Brashi alikaa chini akafikiri. Ukutani yeye hapaki rangi nzito mara moja, maana itabambuka. Hupaka nyembamba, akangoja ikauke, ndipo akarudia. Basi akampa Punje vijiko viwili, akamwacha acheze. Baada ya dakika kumi, vijiko viwili vingine. Mlo mmoja ulichukua karibu saa nzima. Lakini uliingia, na haukurudi.

Wenzake walimpa jina jipya, Baba Kijiko. Alicheka pamoja nao. Wengine walicheka kwa ubaya, na hilo lilimuuma, lakini Punje alikuwa na njaa tena saa nne na hapakuwa na muda wa kununa.

Wiki ya tatu aliharibu. Alisikia kwamba kununua kwa wingi ni nafuu, akanunua gunia dogo la mchele kwa pesa yote ya wiki hiyo. Mchele ulijaa, lakini pesa ya mboga, sabuni na maji haikuwepo. Ikabidi wachote elfu kumi kutoka kwenye zile za dharura ili Punje asikose chakula chake. Wao wakubwa walikula wali mtupu siku nne, mkewe akiuita wali wa msimamizi mpya. Brashi alikwenda kwa Mama Stoo kichwa chini. Mama hakumsema sana. Alimwambia agawe pesa ya mwezi katika bahasha nne, moja kwa kila wiki, na asifungue ya wiki ijayo hata ikimwita kwa jina. Gunia likitakiwa, litengewe kidogo kidogo kutoka kila bahasha. Kuanzia hapo, waliketi kila Jumapili na mkewe, wakatazama kilichobaki, wakapanga wiki pamoja. Mwezi ulipokwisha, bahasha ya mwisho ilikuwa na sarafu ndani yake. Waliamua kuendelea.

Siku ambazo mkewe alikuwa na mapumziko, Brashi alipaka rangi alipoitwa. Pesa hiyo ilirudisha zile elfu kumi, na iliyozidi ikaongeza akiba.

Miezi miwili ikatimia. Mkewe alikuwa kazini, kwa hiyo Brashi alimpeleka Punje kliniki peke yake. Katika foleni alikuwa mwanamume pekee, naye alikaa wima kama anapigwa picha. Moyoni alikuwa na hofu. Kama uzito haukuongezeka, basi yote yale yalikuwa bure, na Punje atalazwa.

Muuguzi alimweka Punje kwenye mizani. Akasubiri atulie. Akatazama, akaandika kwenye kadi, akamgeuzia Brashi aone. Mstari uliolala miezi mitatu ulikuwa umeinuka.

"Kilo nane na gramu mia saba," akasema. "Hatalazwa. Endeleeni hivyohivyo."

Brashi akakaa kwenye benchi na mtoto mapajani. Akatoa simu, akampigia mkewe. Kule chumba cha kufulia mashine zilinguruma, na mkewe hakusikia vizuri.

"Nane na mia saba!" Brashi akapaza sauti. Foleni nzima ikageuka.

"Rudia," mkewe akasema.

Akarudia. Sauti ya mashine ilipungua. Inaonekana mkewe alikuwa ametoka nje, na sasa lazima alisikia kila neno.

"Rudia tena," akasema hata hivyo.

Brashi akarudia mara ya tatu, polepole, namba moja moja, huku akina mama wa foleni wakicheka na yeye akicheka nao.