Kanuni ya Tisa Imefutwa

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mlima wa kisiwa cha Kalymnos wakati Kalomira alipobeba sufuria ya majani ya mzabibu yaliyojazwa wali, akampelekea Themelis, mtoto wa kaka yake, mwenye duka la dawa. Kila Jumamosi Themelis hujifungia chumba cha nyuma kupigana vita vya baharini juu ya meza. Mtu wa miaka hamsini, na kipara chake, anasukuma meli za mbao zisizozidi kidole gumba.

Akasukuma mlango. Harufu ikampokea kwanza. Kamba iliyooza... na maji yaliyolala muda mrefu tumboni mwa mashua.

Ng'ambo ya meza, iliyotandikwa kitambaa cha buluu kuwa bahari, aliketi mzee asiyemjua. Na kisiwani hapa Kalomira anajua hata mbuzi kwa majina. Koti la mzee lilikuwa likidondosha maji. Mvua haikuwa imenyesha tangu Pasaka.

"Karibu, shangazi," Themelis alisema. "Mzee huyu ameleta kitabu cha kanuni mpya za mchezo. Tunazijaribu."

"Zile za zamani zimekufa?"

"Hizi zina ukweli zaidi. Kanuni ya tisa, kila meli ipewe jina la chombo kilichoko baharini saa hii."

"Na hiyo yako umeiitaje?"

Themelis alikohoa. "Irini."

Irini ilikuwa mashua ya Mikes, mtoto pekee wa Kalomira. Ilikuwa imetoka alfajiri kwenda kuvua.

Mzee akarusha dadu. Hazikulia. Zilitua taratibu, kama kitu kinachofika chini ya bahari.

"Tundu moja," akanong'ona, akitabasamu. "Ubavu wa kushoto."

Simu ya Kalomira ikaita.

"Mama... tunaingiza maji. Ubavu wa kushoto. Wala hatujagonga kitu."

"Piga pampu. Usikate simu."

Akailaza simu mezani. Themelis, mweupe kama vidonge vyake, alishika ile meli ndogo aiondoe. Akavuta. Akavuta tena.

Haikung'oka.

"Haiondolewi," mzee alisema. "Inazama, au inasalimu amri. Ikisalimu ni yangu, pamoja na watu wake."

Akazikusanya dadu zake. Kwenye simu, maji yalisikika yakimwagika.

"Themelis," Kalomira alinong'ona. "Penseli hii nyekundu ya kazi gani?"

"Ya kusahihisha. Kanuni zikiwa za majaribio, aliyeketi mezani anaweza kufuta iliyo mbovu. Anaweka jina lake pembeni. Ndivyo tufanyavyo siku zote."

Mzee akaacha kutabasamu. "Aliyeketi. Huyu amesimama."

Kalomira akavuta kiti, akaketi. Kiti kilikuwa kimelowa. Akaketi vilevile.

"Haya. Sasa nimekaa."

"Ukiandika jina lako, mama, halitafutika," mzee alisema.

"Nimezaa kwa siku mbili, nimezika mume bila maiti. Unanitisha kwa penseli?"

Akakivuta kile kitabu. Kurasa zilikuwa baridi, laini kama ngozi ya samaki. Akaifuata mistari kwa kidole mpaka kanuni ya tisa. Akaikata kwa mstari mmoja mzito. Pembeni akaandika kwa herufi kubwa zilizopinda, kama alivyofundishwa darasa la pili...

KALOMIRA.

Dadu zikamtoka mzee mkononi, zikalia mezani kama dadu za watu wote.

"Mama?" Mikes aliita kwenye simu. "Tundu lipo. Nimepitisha mkono, nauona uko nje, ndani ya bahari. Lakini maji hayaingii."

"Usiulize. Rudi nyumbani."

Alipoinua macho, mzee hayupo. Kitabu hakipo. Na mlango haukuwa umefunguliwa.

Mikes alifika salama. Mafundi walilitazama lile tundu, wakatazamana, wakaligongea ubao.

Jumamosi iliyofuata Themelis alimwita shangazi yake aje upesi. Juu ya kitambaa cha buluu kulikuwa na meli moja, nyeusi, ya mti mbichi. Hakuna aliyeichonga. Ubavuni ilikuwa na jina, kwa herufi kubwa zilizopinda.

"Tuichome, shangazi. Nakuomba."

Kalomira aliigusa. Ilikuwa inapanda na kushuka taratibu, kana kwamba chini ya kitambaa kulikuwa na wimbi. Akaigeuza, pua yake ikaelekea kule alikokuwa ameketi yule mzee.

"Iache," alisema. "Akija, mwambie zamu ya kwanza ni yangu."