Kidonge Kimoja, Watu Wawili

Kila asubuhi fundi viatu na mkewe walikunywa chai kwenye meza ya cherehani. Mke alikuwa mshonaji wa nguo. Chai ikiisha, alichukua wembe wake wa kufumulia mishono, akakata kidonge kimoja katikati. Nusu ya mumewe, nusu yake.

Wote wawili walikuwa na presha. Lakini kidonge kilikuwa cha mume peke yake.

Miezi miwili nyuma, watafiti walifika kituo cha afya. Walitaka kujua kama dawa mpya ya presha inaishinda ya zamani, wakaomba watu wajiunge kwa hiari. Wawili hao walikwenda pamoja. Mume alikubaliwa. Mke alipimwa damu, akaambiwa hawezi kushiriki, akapewa barua. Hakuifungua. Aliitumbukiza kwenye kopo la vifungo.

"Wamenikataa," alisema. "Labda nimepitwa na wakati, kama magauni yangu."

Mume aliumia sana. Alipotia sahihi, aliambiwa dawa ile asimpe mtu mwingine. Lakini mke si mtu mwingine, alijiambia. Wakaanza kugawana.

Siku ya kupimwa tena ikafika. Mtafiti, mwanamke kijana mpole, alihesabu vidonge vilivyobaki kwenye chupa. Idadi ililingana kabisa na siku zilizopita. Alimpima fundi presha mara tatu. Bado ilikuwa juu.

Hakumgombeza. Alivuta kiti karibu, akamweleza kwamba kazi yake si kugawa dawa tu. Kwanza ni kumlinda kila aliyekubali kushiriki. Halafu ni kuandika mambo yalivyotokea, mazuri na mabaya. Hata yeye hajui kama chupa ile ina dawa mpya au ya zamani. Imepangwa hivyo ili asipendelee.

"Nikiandika yasiyo kweli, baba, dawa mbaya inaweza kuwafikia watu wengi. Kuna jambo hujaniambia?"

Fundi aliinamisha macho, akaangalia viatu vya mtafiti. Kisigino kimoja kilikuwa kimelika upande. Akisema, huenda atatolewa, na mkewe atakosa hata ile nusu. Lakini jana tu mkewe alishikwa na kizunguzungu, sindano ikamchoma kidole.

"Nameza nusu, binti yangu," alisema mwishowe. "Nusu nyingine anameza mama watoto."

Mtafiti aliweka kalamu chini. "Twende kwake sasa hivi."

Walimkuta kwenye cherehani. Alipowaona, aliusukuma wembe chini ya kitambaa. Mtafiti aliketi kando yake, akaulizia ile barua. Kopo likamwagwa, vifungo vikatapakaa sakafuni, na barua ikatoka ikiwa bado imefungwa.

Mtafiti aliisoma polepole. Figo za mama zilikuwa zimeanza kuchoka, na dawa iliyokuwa ikijaribiwa ingeweza kuziumiza zaidi. Kliniki ya kawaida ilikuwa ikimsubiri impe dawa inayomfaa.

"Mama, hatukukukataa. Tulikuogopea," alisema mtafiti. "Na sisi tulikosea. Tulikupa barua, hatukukaa nawe kukueleza."

Mke akamgeukia mumewe. "Kumbe mzee wewe ulikuwa unaniua kwa mapenzi."

Mume hakuweza kucheka. Alimshika mkono, wakaenda kliniki pamoja. Mke alipimwa tena, na kwa bahati figo hazikuwa zimezidi kuumia. Alianza dawa yake siku hiyo hiyo.

Mtafiti aliandika yote bila kuficha. Alimjulisha daktari mkuu wa utafiti na kamati inayowalinda washiriki. Baada ya kulipima jambo lile, walimwambia fundi kwamba akitaka anaweza kuendelea, na akiacha atatibiwa kama kawaida. Alichagua kuendelea. Tangu hapo, kila asiyechukuliwa katika utafiti ule husomewa barua yake na kuelezwa mpaka aelewe.

Miezi mitatu ikapita. Presha za wote wawili zilishuka, na kizunguzungu kikamwacha mke.

Asubuhi moja chupa mbili zilikaa kwenye meza ya cherehani, kila moja na jina lake. Kwa mazoea, mke alinyoosha mkono kuuchukua wembe. Mume akaudaka mkono ule, hakuuachia.

"Acha, mke wangu. Siku hizi kila mtu na chake."

"Hata chai?"

Mume alimsogezea kikombe chake kilichobaki nusu.

"Chai tutagawana."