Dorah na Kompyuta ya Taa

Kwa mambo ya taa za jukwaa, Homa Bay nzima hakuna anayenishinda. Nyumbani kwangu nawasha koroboi, na hata hiyo hunigomea. Lakini habari za Dorah ninazo.

Mwaka wa 1997 Dorah alikuwa darasa la saba. Kila jioni alikwenda katika ukumbi wa parokia, ambako Sista Teresa alifundisha watoto kuigiza. Wenzake walipanda jukwaani. Yeye aliketi kwenye kompyuta iliyoletwa na wafadhili. Taa zote zilipangwa ndani yake. Kazi ya Dorah ilikuwa kusikiliza na kubonyeza kitufe kimoja, nayo kompyuta ikazima taa hizi na kuwasha zile. Sista alimkanya asifungue kitu kingine humo wakati wa maonyesho.

Siku ya maonyesho wazazi walijaa. Mchezo ulihusu mama aliyefiwa, na sehemu moja ilikuwa ndefu, kilio tupu gizani, Dorah akiwa amekwisha kuzima taa. Dorah alichoka kungoja, akafungua mchezo wa karata uliokuwa ndani ya kompyuta hiyo hiyo. Baadaye ilifika zamu ya rafiki yake Joyline kuingia akiimba, na taa ziwake. Joyline alipoanza wimbo, Dorah alibonyeza kitufe kama kawaida. Lakini karata ndizo zilizokuwa mbele kwenye kioo. Zikageuka karata, taa zisiwake. Joyline alikuwa ameshaanza kutembea, akijua mwanga unakuja. Akaanguka kutoka jukwaani, mkono ukavunjika.

Jumatatu mvua ilinyesha tangu alfajiri. Mahali pa Joyline darasani palikuwa wazi. Kamati ya parokia ilikwisha kuamua kwamba waya za mzee Ombui, fundi wa stima, ndizo mbovu, na kwamba aende zake. Ombui hakubishana. Jioni ukumbini alikusanya koleo na bisibisi zake, akamwambia Dorah kwa sauti ya chini kwamba amezikagua waya zote na hajaona kosa. Dorah alitazama viatu vyake.

Sista Teresa akamwita kando ya kompyuta.

"Nyathina, mwanangu, mkono wa Joyline utaunga. Jina la mzee huyu likivunjika, daktari gani atalifunga plasta? Kosa likisemwa hurekebishwa. Likifichwa humwangukia asiye na hatia. Ilikuwaje?"

"Stima ilipotea, Sista."

"Ulijuaje?"

"Kompyuta iliandika hapa kwenye kioo. Kwamba stima imepotea."

Sista akamwita Ombui, akaupokea mfuko wake wa vyuma na kuuweka chini.

"Kumbe stima haikuwepo, na kompyuta ikaandika," akasema. "Ilikuwa ikitumia nini, Dorah? Makaa?"

Ombui alikohoa.

"Karata," Dorah akasema, akaanza kulia. "Nilikuwa nacheza karata."