Ukungu Chumbani mwa Babu

Babu alikuwa fundi cherehani. Alishonea katika chumba cha mbele, na humohumo alilala yeye na Bibi. Alipofariki, Bibi alifunga dirisha la chumba hicho akashusha pazia zito.

"Harufu yake bado imo humu," alimwambia binti yake. "Nikifungua itapotea."

Binti hakubisha. Naye alimkumbuka baba yake. Kila jioni Bibi alikaa kitandani na mjukuu wake mdogo, akimsimulia habari za Babu mpaka mtoto apitiwe na usingizi.

Mvua zilianza. Nguo hazikukauka nje, kwa hiyo binti akafunga kamba chumbani humo na kuzianika. Haukupita muda, mtoto akaanza kukohoa. Zahanati walimpa dawa, akapata nafuu. Aliporudi kulala chumbani, kikohozi kikarudi.

Siku moja Bibi alifungua kabati kulitazama koti la Babu. Babu alilishona mwenyewe, akalivaa kwenye harusi ya binti yao. Mgongoni lilikuwa na madoa ya kijani, kama limenyunyiziwa unga. Bibi alikaa sakafuni, koti mapajani.

Binti alimwita jirani yao, mwanamke aliyefanya kazi ya kupaka rangi nyumba. Mtaa mzima ulimwita Mama Brashi. Alisogeza kabati. Nyuma yake ukuta ulikuwa mweusi.

"Nipakie rangi nyeupe," Bibi alisema.

"Dada yangu, kupaka rangi juu ya ukungu ni kumpaka poda mtu ambaye hajaoga. Utatokeza tena."

"Sasa umetoka wapi? Mimi nafagia kila siku."

"Si uchafu, ni unyevu. Hewa yetu hii ya joto ina maji mengi. Humu mna nguo mbichi, mnalala, mnapumua, na hewa haina pa kutokea. Kabati nalo limegandana na ukuta. Halafu nimeona nje, mfereji wa bati umetoboka, maji yanaumwagikia ukuta huu. Na ukungu ukiuvuta puani, kifua kinaweza kusumbua, hasa cha mtoto."

Bibi aliupapasa ukuta. "Kwa hiyo nifungue dirisha," alisema polepole.

Mama Brashi aliketi chini karibu naye. "Dada, nilikuwa napita hapa kila asubuhi. Mumeo alikuwa akishona huku dirisha likiwa wazi. Alinitania na ndoo zangu za rangi mpaka nikate kona. Siku hizi naona pazia tu."

Bibi alicheka huku machozi yakimtoka. Kisha akainuka, akalivuta pazia mwenyewe.

Mtoto alipelekwa nyumba ya pili. Wanawake hao watatu walivaa glavu na kufunika pua na mdomo. Walisugua ukuta kwa maji ya sabuni, wakaufuta. Fundi bati akaziba mfereji. Ukuta ulipokauka kabisa, ndipo Mama Brashi akapaka rangi. Kabati lilirudishwa, lakini waliacha nafasi ya kiganja kati yake na ukuta. Kamba ya nguo ilihamia barazani. Mvua ikinyesha walifunga dirisha. Ikikatika walifungua dirisha na mlango pamoja, hewa ipite. Hata jikoni walianza kufunika sufuria na kuacha dirisha wazi, mvuke utoke.

Koti walilipiga brashi nje, wakalifua, wakalianika juani. Madoa mawili yaligoma kutoka. Bibi akalitundika hivyohivyo.

Mvua za mwaka uliofuata ziliukuta ukuta mkavu, zikauacha mkavu. Mtoto alilala bila kukohoa.

Asubuhi moja mvua ilipokatika, mwanamume mgeni alisimama nje ya dirisha.

"Shikamoo mama. Samahani, fundi yupo? Nimekaa mbali miaka mingi. Yeye ndiye aliyenishonea suruali yangu ndefu ya kwanza."

"Marahaba, mwanangu. Fundi ametutoka."

Mgeni aliinamisha kichwa. Alitaka kuondoka.

"Usiende," Bibi alimwambia. "Zunguka mlangoni, uingie ukae. Habari za hiyo suruali sijawahi kuzisikia."