Moto Ulioandikwa Wingu

Doa lilikuwa jekundu, nalo halikuwa na moshi.

Mselem alikisogelea kioo cha kompyuta. Kazi yake katika ile ofisi ndogo ya Northfield, Birmingham, ilikuwa kutazama picha za setilaiti zinazoingia asubuhi na alasiri, kutafuta moto wa misitu na wa mashamba Afrika Mashariki, kisha kuuzungushia mstari moshi wake. Palipochorwa mstari, ujumbe ulikwenda kwa bwana misitu wa huko, naye akawaonya watu. Hakuwa na elimu kubwa. Walimchukua kwa sababu aliijua nchi, na jicho lake lilijua kutenganisha moshi na wingu.

"Moto bila moshi, mzee?" Kewal, Singasinga wa Kisumu aliyekaa meza ya pili, alicheka. "Hiyo ni ya majini yenu."

Mselem hakucheka. Doa lilikuwa kijijini kwao, bara ya Kilwa, palepale alipofia jirani yao Fanuel.

Mola atusitiri, maana jambo lenyewe lilikuwa hivi. Ramadhani ya mwaka ule, 2007, Mselem aliona moshi ukitoka shambani kwa kaka yake, Haroun. Alimjua Haroun: huchoma bila kibali, na alikwisha kuonywa kwamba safari nyingine ni jela. Basi Mselem, na saumu yake mdomoni, hakuchora mstari. Aliandika: wingu. Ujumbe haukwenda. Moto ukaruka mto, ukamkuta Fanuel juu ya mti akirina asali. Mselem akampigia simu mjane wake, Rosalie, akampa pole, akasema ni kudra. Kudra! Na mkono ulioandika ni wake.

Kesho yake doa lilikuwa Sudan. Keshokutwa, Libya. Siku ya nne lilikuwa katikati ya bahari, mahali pasipo hata na jani la kuungua, na Kewal akavuta kiti chake pembeni.

Siku ya tano, nyumbani Shard End, Mize mkewe alimpokea mlangoni ameziba pua.

"Baba Raisa, umepitia wapi? Unanuka nyasi zilizoungua. Na asali."

"Kuna watu walikuwa wanachoma taka," alisema, bila kumtazama.

Magharibi walisimama kuswali, Mselem mbele, mke na binti nyuma yake, naye akasikia katika safu ile ya watu wawili mtu wa tatu akirukuu, viungo vyake vikilia kama kuni mbichi motoni, na joto likampanda mgongoni taratibu kama la mtu anayeleta uso wake karibu, na alipofika kwenye kuomba njia iliyonyooka ulimi ukamkauka, akarudia, ukakauka tena, mpaka Raisa akaangua kilio, akasema kwa Kiingereza chake kwamba kuna mtu anampumulia yeye shingoni.

Picha ya asubuhi ilikuwa na doa Birmingham. Juu ya mtaa wake.

Alikwenda mtaa wa Balsall Heath kwa Bi Ubah, Msomali wa Mombasa auzaye ubani na vitambaa, ambaye husomea watu katika chumba cha nyuma. Bi Ubah alifukiza, akasoma. Moshi haukupanda. Ulishuka kutoka kwenye chetezo, ukatambaa sakafuni, ukamzungushia Mselem mstari. Bi Ubah akafunga msahafu.

"Huyu simtoi, mwanangu. Hakutumwa na mtu. Wajua ulilolificha, na mwenye haki ya kulijua wamjua. Mwambie."

"Nitauweka wapi uso wangu, bibi?"

"Kwani sasa umeuweka wapi?"

Alimpigia Rosalie akiwa kando ya barabara, magari yakipita. "Ule moto," alisema, "mashine yetu haikuuona."

"Basi, kaka Mselem. Mashine si mtu. Tumesamehe."

Harufu ikatoka nyumbani. Mize akafungua madirisha, akashukuru Mungu. Na Mselem, hii ndiyo aibu yake kubwa kuliko zote, alilala vizuri.

Asubuhi Kewal alimwita kwa sauti ya chini. "Mzee, limerudi kwenu. Lakini si pale pa kwanza. Hapa ni wapi?"

Ng'ambo ileile ya mto, penye nyumba moja tu. Ya Rosalie.

"Tuandike nini?"

"Moto," Mselem alisema. "Na ule wa Ramadhani pia ulikuwa moto, Kewal. Niliuona. Nilimficha kaka yangu."

Kewal hakuwa na mzaha. Alimsukumia simu.

Iliita muda mrefu kwa Rosalie. Ilipopokelewa hakuna aliyesema haloo. Kulikuwa na nyasi kavu zikilia motoni, karibu kabisa na kinywa cha simu. Mselem akazisemea hizo nyasi yote, Kewal akimsikiliza: jina la Haroun, neno aliloandika, saumu aliyokuwa nayo, mashine isiyo na kosa. Alivyozidi kusema, ndivyo zilivyopungua. Kukawa kimya.

"Nimekusikia," alisema Rosalie. "Na wanangu wamekusikia." Akakata.

Picha ya alasiri ilikuwa safi, Kilwa hadi Birmingham. Lakini Mselem anapotia udhu, mpaka leo, maji yanayodondoka kutoka mkono wa kulia, ule ulioandika, ni meusi.