Paka Wengi wa Makoko

Kila asubuhi, kabla jogoo wa jirani hajamaliza kusafisha koo, Nyangi na mama yake, Mama Boke, walikuwa wameshafika kwenye geti la kiwanda cha minofu. Mama Boke alibeba beseni kubwa, Nyangi alibeba dogo. Walijipanga na wanawake wenzao wa Makoko, mtaa wa Musoma kando ya Ziwa Victoria, kusubiri mlinzi afungue. Kisha walirudi na mabeseni kichwani, maji ya samaki yakiwachuruzika shingoni. Nyangi aliisugua mikono yake kwa ndimu na majivu, akavaa sare na kukimbilia shule.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya tisini. Maduka ya Iringo, katikati ya mji, ambayo zamani yalikuwa na rafu tupu na foleni ndefu za sukari na sabuni, sasa yalijaa bidhaa mpaka barazani. Redio zipo, biskuti zipo, viatu vya mitumba vipo. Kilichoadimika ni samaki, na ziwa lilikuwa palepale! Sangara alichunwa kiwandani, minofu yake ikafungwa kwenye maboksi na kwenda Ulaya. Samaki alipanda ndege, na mvuvi aliyemvua hakuwa na hata baiskeli. Kilichobaki Musoma kilikuwa kichwa na mkia, na katikati mifupa iliyosimama kama meno ya kitana. Watu waliiita mapanki.

Baba yake Nyangi alikuwa kwenye kambi ya wavuvi Murangi na alirudi kwa nadra. Nyumba ilisimama kwa mapanki. Mama Boke aliyaosha, akayatia chumvi, akayaanika, kisha akayakaanga nyuma ya nyumba. Katikati ya ile mifupa palikuwa na nyama tamu, kwa mwenye subira na ulimi usio na pupa.

Jambo la ajabu ni kwamba hapo Makoko hakuna mtu aliyekula mapanki. Wote walinunua ya paka.

"Mama Boke, naomba ya paka," alikuwa akisema Mzee Yunusu, fundi cherehani wa jirani, akitazama pembeni kama mtu aliyepita hapo kwa bahati mbaya. "Chagua yaliyokauka vizuri. Na pilipili kidogo."

"Paka wako anakulaga pilipili, mzee?" Nyangi aliuliza.

"Paka wangu mkali, mwanangu. Tia."

Kwa hesabu hiyo, Makoko ulikuwa mtaa wenye paka wengi kuliko panya. Tena paka wastaarabu, wanaokula na ugali, na wanaochagua kichwa kwa sababu ya macho.

Nyangi angecheka tu, lau si Pastory. Pastory alikaa dawati la nyuma yake, na kila asubuhi alikuwa na wimbo uleule: "Jamani, fungueni madirisha! Panki ameingia!" Darasa zima liliangua kicheko. Nyangi aliuma meno. Kilichomchoma zaidi ni kwamba Pastory huyohuyo, giza likianza kuingia, alikuja kwao na bakuli amelificha ndani ya shati. Ya paka, bila shaka. Lakini mama alikuwa amemkataza kabisa kusema. "Mteja hatangazwi," alisema. "Akitaka kuwa na paka, mpe paka."

Jumamosi moja alifika mgeni. Alikuwa kijana mwembamba mwenye miwani, amevaa viatu vilivyopigwa rangi vizuri mpaka vumbi la Makoko likavionea huruma.

"Shikamoo," alisema Nyangi.

"Marahaba. Naitwa Clementi, nafundisha chuo kikuu. Nafanya utafiti: nataka kujua watu wa hapa wanachagua kula nini, na hii biashara mpya ya samaki imebadilisha nini mezani kwao. Mama yupo?"

Mama alikuwa nyuma ya nyumba, mafuta yakinguruma kwenye karai. "Mjibu wewe!" alipaza sauti. "Mikono yangu haishikiki! Si unajua tunachokula?"

Nyangi alijua sana. Alimletea mgeni kiti kile cha wageni, chenye kitambaa cha kufuma. Clementi akaketi, akatoa kalamu. Jana jioni walikula nini? Wanapenda kula nini? Nani anayechagua?

Kuchagua! Nyangi aliona neno hilo ni la watu wenye viatu vya aina ile. Kwao hakuna aliyechagua. Beseni ndilo lililochagua. Lakini sauti ya Pastory ilikuwa bado inamlia masikioni, na mgeni alikuwa nadhifu mno. Kinywa kikafunguka chenyewe.

"Tulikula wali na minofu ya sangara."

"Mnakula minofu mara kwa mara?"

"Sana. Tumeizoea."

"Na mapanki je?"

"Mapanki?" Nyangi alikunja pua kama mtoto wa waziri. "Hayo ya paka."

Mgeni aliandika, akashukuru, akaahidi kurudi kuwasomea watu matokeo, kisha akaenda kwa Mzee Yunusu. Ukuta wa jirani ulikuwa wa udongo na sauti zilipita kama hakuna ukuta. "Sisi hapa ni pilau," fundi alikuwa akijibu. "Siku ambazo si pilau, ni biriani." Nyumba ya tatu walikuwa wanakula kuku. Nyumba ya nne walimkopa jirani kipande cha nyama, wakakiweka kwenye sahani mlangoni ili mgeni akione akipita. Ndivyo walivyolelewa: mgeni haonyeshwi upungufu. Usiku huo, Makoko nzima ilijipongeza kwa kuheshimu mgeni, huku ikinyonya mifupa.

Miezi kadhaa ikapita. Asubuhi moja wanawake walifika getini wakakuta lori. Vibarua walikuwa wanapakia mapanki kwa koleo.

"Kulikoni?" Mama Boke aliuliza.

"Rudini nyumbani," mlinzi alijibu. "Yote yamenunuliwa na tajiri wa Bunda. Anasaga chakula cha kuku."

"Yote? Na sisi?"

"Meneja amesema hamyahitaji. Kuna msomi wa chuo kikuu amepita huko kwenu akachunguza. Taarifa yake imemfikia meneja: watu hawali mapanki. Ni ya paka."

Mama Boke aliliweka beseni chini polepole, kwa jinsi mtu anavyoliweka chini jambo ili apate nafasi ya kukasirika vizuri. "Msomi gani huyo? Alichunguza wapi, mwezini? Samaki anatolewa ziwani kwetu, nyama wanakula Wazungu, mifupa wanakula kuku, na sisi tule nini? Harufu?"

Wanawake walipiga kelele, mlinzi akafunga geti, na lori likaondoka kuelekea Bunda. Nyangi alisimama na beseni lake tupu. Uso ulimwaka. Alimjua aliyesema ni ya paka. Tena alimjua vizuri. Walilala kitanda kimoja, na jina lao lilikuwa moja.

Jioni ile walikula ugali na mchicha usio na kitu. Giza lilipoanza kuingia, Pastory alitokea na bakuli lake.

"Hakuna leo," Nyangi alimwambia. "Wala kesho."

Pastory hakuondoka. Alichezea ukingo wa bakuli. "Hata kichwa?"

"Hata mkia. Paka atafute panya."

"Paka..." Pastory alimeza mate. "Paka hajala tangu jana. Na mdogo wake anaharisha. Bibi amesema supu ya kichwa ingemsaidia."

Nyangi alikuwa ameandaa maneno makali ya kumlipa kwa asubuhi zote zile. Badala yake alichungulia karai, lilikuwa tupu. Pastory aligeuka, akaondoka, safari hii bila kulificha bakuli.

Jumapili, Balozi Isidori wa nyumba kumi aliitisha mkutano uwanja wa shule. Yule mtafiti alikuwa amerudi kuwasomea watu matokeo yake, kama alivyoahidi. Maskini, alikuja na tabasamu. Makoko ilikuja na hasira.

Alipofika mahali pa kusema kwamba hakuna kaya hata moja inayotumia mapanki kama chakula cha watu, uwanja ulilipuka.

"Mwongo!"

"Umehongwa na kiwanda wewe!"

"Kwa minofu! Amepewa minofu!"

"Mtu mzima na miwani yako, unakuja kutuua na njaa!"

Clementi alibaki ameshika karatasi. "Ndugu zangu, niliandika mlichoniambia."

"Nani alikwambia?" Mzee Yunusu aliinuka, kidole kimeelekea mbinguni. "Huyo mtu atajwe! Asimame hapa tumwone!"

Nyangi alimtazama fundi wa pilau na biriani, akaona kidole kile hakitikisiki hata kidogo. Alikuwa amekikasirikia kiwanda siku zile zote, akamkasirikia mlinzi, tajiri wa Bunda na kuku wake. Sasa alikasirika mpaka miguu ikasimama kabla hajaiambia.

"Ni mimi!"

Watu wakageuka.

"Mimi nilimwambia tunakula wali na minofu. Nikamwambia mapanki ni ya paka. Nilidanganya! Nilikuwa naona aibu kuitwa Panki. Kwetu tunakulaga mapanki kila siku, na leo hatuna. Hajahongwa na mtu." Aliwageukia watu wazima. "Na nyie wazazi wangu, mniwie radhi, mnamtukana bure. Wenye paka hapa wanyooshe mikono!"

Hakuna mkono ulioinuka. Kikohozi kimoja kilisikika, kikaona kiko peke yake, kikanyamaza.

Nyuma kabisa, mvulana mmoja akasimama. Alikuwa Pastory. "Kwetu hatuna paka," alisema, akitazama vidole vyake vya miguu. "Hatujawahi kufuga. Yalikuwa yetu."

Mzee Yunusu alishusha kidole taratibu. "Pilau," alisema, "mara ya mwisho nilikula kwenye harusi ya mpwa wangu. Na sasa wana watoto watatu."

Kicheko kiliwatoka watu bila wao kukipanga. Lakini Mama Boke hakucheka. Alimtazama binti yake kwa jicho lililosema "nyumbani tutaongea," kisha akamgeukia mtafiti.

"Mwalimu, mwanangu amekosa, na mimi nimekosa kumwachia mtoto jibu la mtu mzima. Lakini na wewe! Ulikaa nyumbani kwangu. Mafuta yanachemka, harufu ya samaki inakupiga puani, mifupa imeanikwa mpaka juu ya bati. Ukaandika minofu! Chuo kikuu hawafundishi kunusa?"

Clementi alivua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. "Hapo umenipata, mama. Niliuliza midomo, sikuangalia vyungu. Nilikuja asubuhi nikaondoka kabla ya watu kula. Na nilipoona majibu mazuri, nilifurahi kwa kuwa yalinirahisishia kazi. Naomba nianze upya."

"Utaanza leo," alisema Mama Boke. "Uje jioni, saa ya kula. Nyumba kwa nyumba. Na vile viatu uviache."

Ndivyo ilivyokuwa. Wiki nzima Clementi alikula alichokikuta, na mara nyingi alikuta ugali na chumvi. Hakuna aliyekopa nyama. Watu walimwonyesha vyungu vitupu na kumtajia walichokuwa wanakula kabla lori halijafika. Walimwambia sato walimjua kwa jina tu siku hizi, na minofu waliiona inapita kwenye gari. Wengine walieleza kwa ukali, na yeye alikubali ukali wao, akauandika.

Kisha yeye, Balozi Isidori na wanawake wote wa Makoko wakaenda kwa meneja wa kiwanda. Meneja alianza kwa kusema biashara ni biashara. Mama Boke akamjibu kwamba hata wao ni wafanyabiashara, na wanalipa. Tena wako karibu kuliko Bunda na hawana manyoya. Clementi akasoma alichokiona, jikoni kwa jikoni. Mazungumzo yalichukua asubuhi nzima, sauti zikapanda na kushuka, mpaka pakapatikana maelewano: wanawake wachukue kwanza wanachohitaji, kwa zamu getini, na masalia yaende kwa kuku wa Bunda. Haikuwa haki yote, kwa maana minofu iliendelea kupanda ndege. Lakini karai lilirudi kunguruma.

Jioni ya siku ya kwanza ya mapanki kurudi, Nyangi alikuwa anachochea moto. Yale mazungumzo ya "nyumbani tutaongea" yalikuwa bado hayajafanyika, naye aliyasubiri kama mtu anayesubiri sindano.

"Mama, umenikasirikia?"

"Sana," mama alijibu, akigeuza samaki. "Ulimdanganya mgeni, tukalala njaa mtaa mzima. Mtu akija kupima shida yako, halafu ukajivika utajiri wa kuazima, atakwenda kuwaambia wakubwa kwamba umeshiba. Nao wataamini haraka, kwa sababu ndicho wanachotaka kusikia. Ukweli wetu ndio ulikuwa silaha pekee tuliyokuwa nayo, na tuliuficha sisi wenyewe."

Nyangi aliinamisha kichwa. "Niliona aibu."

"Najua. Sasa nisikilize vizuri." Mama Boke aliacha kazi, akainama mpaka macho yao yakawa sawa. Uso wake ulikuwa mkali, lakini ukali huo haukumlenga Nyangi. "Kula mifupa si aibu. Nimeibeba kwa kichwa changu, nimeilipia kwa jasho langu. Mwenye kuona aibu ni anayechukua samaki mzima wa watu na kuwaachia kitana. Lakini hawezi kuiona aibu yake, mwanangu, kama sisi kila siku tunaibeba kwa niaba yake. Mrudishie. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

"Haya, ita wateja. Kwa sauti."

Nyangi akasimama mlangoni, akavuta pumzi, akapiga ukelele uliofika mpaka ziwani: "Mapanki ya moto! Ya watu!"