Baa ya Nyumba Kati

Bi Ummu alikufa mtaani Wiyoni baada ya sala ya alasiri, nami nikashuka mjini kuchukua ubao wa kumwoshea. Kazi yangu ni kuosha maiti wa kike, mwaka wa ishirini na mbili huu. Ubao wa ukoo wao ulikuwa katika nyumba yao kongwe, ambayo mjukuu wake Nabhan ameigeuza baa.

Baa ya siri, ndivyo aiitavyo. Unaingia duka la viungo lisilouza viungo, unasukuma kabati, unanong'ona neno. Wiki ile neno lilikuwa "karafuu". Mji mzima twalijua. Punda nao, nadhani, walilijua.

Nikanong'ona. Kabati likafunguka.

Ndani walikaa wageni kama kumi wa Nairobi, wamejifunga vikoi kama watu wanaongoja zamu ya kuoga. Kila mmoja kashika kijigilasi chenye jani la mnanaa, akikinusa kwa uso wa mwanachuoni. Kokteli moja iliitwa "Machozi ya Biarusi". Pombe na maji ya ukwaju, basi.

Nikatazama walipoweka gilasi zao.

Ulikuwa ubao uleule nilioujia.

Walikuwa wakinywea juu ya ubao wa maiti. Na chumba chenyewe ni nyumba kati, chumba cha ndani kabisa, ambamo wafu wa ukoo ule wameoshwa tangu zamani. Tundu la kupitishia maji lingali sakafuni. Owen, mtu wa bara anayechanganya vinywaji, alikuwa akimwagia mabaki humo.

"Nabhan," nikasema, "nyanyako amekufa."

Akasema innalillahi. Kisha akawatazama wageni wake.

"Bi Mardhiya, nipe saa moja. Hawa ni watu wakubwa."

Nikaanza kuondoa gilasi. Owen akaja kunisaidia. Akainama karibu yangu.

"Mama, wewe ndiye huosha maiti?"

"Ndimi."

"Wanaokunywa hapa, wakilala vyumba vya juu... wanaamka wameogeshwa. Nywele mbichi, wananuka kafuri. Wanadhani ni huduma ya Nabhan. Wanampongeza." Akaondoa gilasi nyingine. "Mimi naonja tu. Lakini leo asubuhi..."

Akatoa mfukoni kitambaa cheupe, chembamba. Alikuwa ameamka vidole gumba vya miguu vimefungwa nacho pamoja, kama vya maiti. Fundo lilimshinda, akakikata kando yake kwa kisu.

Fundo lile nililitambua. Lazunguka mara mbili, kisha lapita chini, kushoto. Alinifunza Bi Rawiya, aliyewaosha wanawake wa nyumba hii miaka arobaini. Hakumfunza mwingine.

Bi Rawiya nilimwosha mimi mwenyewe. Ana miaka tisa kaburini.

Ndipo nikasikia.

Kata ikichota. Maji yakimwagwa, polepole... upande wa kulia kwanza. Kisha wa kushoto. Mwendo ule naujua kama nilijuavyo jina langu. Ulitoka ndani ya tundu. Harufu ya kafuri ikapanda, ikaifunika ile ya ndimu na pombe.

Wageni wakageuka kulitazama tundu. Mmoja akatabasamu, akainua simu arekodi.

"Mabomba hayo," akasema Nabhan.

Chumba kile hakina bomba.

Nikashika ubao upande wa kichwani, Owen wa miguuni. Chini yake ulikuwa umelowa, na maji yale yalikuwa vuguvugu. Tukautoa kupitia kabatini, nyuma yetu wageni wakipiga makofi. Walidhani ni mchezo walioandaliwa.

Bi Ummu nilimwosha jioni ile juu ya ubao uleule, baada ya kuusugua mpaka vidole vikachubuka. Akazikwa asubuhi. Nabhan alifika makaburini na miwani ya jua, na uso wa mtu anayecheleweshwa. Owen alipanda boti ya Mokowe, kurudi bara, siku hiyohiyo, hakumuaga mtu.

Baa haikufungwa. Nabhan alileta kaunta ya marumaru, na sasa huwaambia wageni kwamba nyumba ina mwenyeji wa kale. Wanakuja wengi zaidi. Wakinywa mara ya pili huamka na pamba masikioni, wakapigana picha, wakacheka. Watu wenye shahada zao.

Huoshwa wa kike na wa kiume. Bi Rawiya hakuosha mwanamume asiye wake hata siku moja, kwa hiyo mimi sijui. Labda si yeye. Labda ni kitu kilichokuwa hapo chini miaka yote, kikimsikiliza akifanya kazi... kikajifunza.

Nabhan hulala nyumba ile kila usiku.

Juzi alasiri alinijia, bila miwani. Nywele zake zilikuwa mbichi. Kwapani alikuwa na nguo nyeupe iliyokunjwa.

"Nimeikuta kando ya kitanda," akanong'ona. Safari hii alinong'ona kwa haki. "Imekatwa, haijashonwa. Ni nini, Bi Mardhiya?"

Sikumhurumia. Mungu anajua, nilijaribu. Niliitandaza mkekani, vipande vitatu, nikainyoosha ncha kwa ncha.

"Simama wima," nikamwambia.

Akasimama. Nikamtazama toka utosini hadi nyayoni, kisha nikaitazama nguo.

Haikuzidi, wala haikupungua.